Toa Kumi

Bweni la wasichana, 3 Februari

Kwa Mhariri wa Wasifu,
Ensaiklopidia ya Michezo ya Vyuo.

Shikamoo.

Mwalimu wetu wa lugha anasema barua rasmi isizunguke mbuyu, kwa hiyo naanza na jambo lenyewe. Naomba dada yangu apate ukurasa katika ensaiklopidia yenu. Alikuwa mtupa tufe wa chuo. Miaka sita iliyopita alitupa mita 13.42 kwenye mashindano ya vyuo, na hadi leo hakuna msichana aliyeifikia rekodi hiyo. Nimepekua kurasa zenu kwenye kompyuta ya maktaba, herufi kwa herufi. Wakimbiaji wapo, waogeleaji wapo, yupo hata refa mmoja aliyefukuzwa uwanjani na nyuki. Dada hayupo.

Nimeambatisha wasifu wake, kurasa nne, kwa mwandiko wangu. Nimeeleza kwamba chuo kizima kilimwita Kishindo. Kwamba nyumbani alifanya mazoezi kwa jiwe la kuzuilia mlango, akatoboa bati la choo cha jirani. Kwamba alinifundisha kusoma saa. Na kwamba sasa anafua mashuka katika hospitali moja mbali na nyumbani, na siku hizi hacheki.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Likizo iliyopita alimwambia Mama, "Mimi duniani hakuna nilichofanya." Nataka aone kimeandikwa na watu wasiomjua.

Shuleni simu haziruhusiwi, tafadhali nijibu kwa posta.

Mdogo wake Kishindo, kidato cha tatu


Ofisi ya Wahariri, 17 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mimi ni mkutubi mstaafu, na kazi hii naifanya kwa kujitolea, kwa hiyo uniwie radhi kwa kuchelewa.

Katika kurasa zako nne nimebakiza mistari miwili: alizaliwa, alisoma chuo fulani, alitupa mita 13.42. Bati la choo limenichekesha hata mke wangu akaja kuuliza kuna nini, lakini nani mwingine ameliandika? Kukufundisha saa ni wema, na wema hauna marejeo. Kazi yake ya sasa ni mambo yake binafsi. "Hacheki" nimeifuta kwa kalamu mbili.

Usinune. Sheria yetu ni moja: tunaandika kilichokwisha kuandikwa na mtu asiye ndugu wala rafiki. Hatuulizi kama jambo ni kweli, tunauliza limeandikwa wapi.

Mchezaji wa chuo hapati ukurasa kwa sababu alicheza; wangekuwa maelfu. Anaupata kwa rekodi. Basi nitafutie fomu ya matokeo ya siku ile, yenye mhuri. Nikiipata, dada yako ataingia. Nisipoipata, hataingia, hata awe na moyo wa dhahabu.

Mhariri


Bweni, 26 Februari

Dada mpendwa,

Mama anakusalimu na anauliza kwa nini simu yako inaita tu. Nimemwambia mashine za kufulia zina kelele. Nimedanganya?

Nina habari. Utaingia kwenye ensaiklopidia! Mhariri ni babu mmoja mkali kidogo lakini mcheshi. Amekata karibu kila kitu nilichoandika, ila rekodi yako ameikubali, mradi nipate fomu. Nikirudi nyumbani kwa mapumziko nitakwenda na Mama hadi chuoni kwako kuitafuta. Je, unakumbuka ofisi gani inaweka fomu za michezo? Na nani alikuwa mwandishi siku ile?

Kula vizuri.

Kalamu wako


Chumba cha kufulia, 8 Machi

We Kalamu,

Mwambie Mama simu ilianguka kwenye sabuni. Ni nzima, ila ilianguka.

Sasa nisikilize. Hiyo habari ya ensaiklopidia iache. Kama wino umekuzidi, andika wasifu wa ng'ombe wa shule yenu, yeye angalau anatoa maziwa. Mimi si mtu wa kuandikwa. Nilitupa chuma, kikaanguka, basi. Kila kitu kikitupwa huanguka.

Leo tumefua mashuka mia nne. Msimamizi wetu anasema mimi ndiye ninayekunja sawasawa kuliko wote. Hilo linanitosha.

Usiende chuoni. Nakuomba.

Dada yako


Nyumbani, 21 Machi

Kwa Mhariri,

Shikamoo. Fomu hii hapa!

Dada alinikataza, ila Mama anasema mtoto huyo tangu mdogo akisifiwa hujificha nyuma ya mlango. Mti wenye matunda huinama, ndivyo alivyo. Kwa hiyo tulikwenda.

Karani wa michezo alituambia turudi kesho. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi kesho yangu ni hii hii," akakaa kwenye benchi na mwavuli wake mapajani. Karani akaona aibu, akafungua kabati. Fomu ilikuwa chini ya jezi zilizoliwa na panya. Alitutolea nakala, akaigonga mhuri, nikaitia kwenye bahasha hapo hapo na kuilamba kabla hajabadilisha mawazo. Mama alijipatia nakala yake, akaibeba kifuani njia nzima kama cheti cha kuzaliwa.

Niliona kwa haraka tu jina la dada na 13.42. Inatosha?

Mdogo wake Kishindo


Ofisi ya Wahariri, 2 Aprili

Binti,

Inatosha. Ukurasa umetoka leo asubuhi. Unasomeka hivi:

"Mtupa tufe wa chuo. Anashikilia rekodi ya wanawake ya mashindano ya vyuo, mita 13.42, aliyoiweka katika mtupo wake wa sita na wa mwisho."

Mwenzangu alitaka tuseme "alishikilia". Nimemwambia haijavunjwa, iwe "anashikilia". Hiyo ni zawadi yangu kwako. Ndani ya sheria, lakini zawadi.

Mhariri


Bweni, 16 Aprili

Dada mpendwa,

Ukurasa wako upo. Nimeuona kwa macho yangu, na mkutubi wetu ameniruhusu niuone mara mbili. Mama amekwenda kuuchapisha dukani, ameuwekea fremu, na sasa uko sebuleni juu ya redio. Jirani wa bati la choo alikuja kupiga nao picha. Anasema choo chake nacho ni cha kihistoria.

Lakini, Dada, kuna jambo. Mama aliponitembelea alinipa nakala yake ya fomu niitunze, nikaisoma yote kwa utulivu. Juu kabisa mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Tepu imekatika mwanzo. Inashikwa kwenye 10. Toa 10." Nimeelewa kwamba tepu ya kupimia ilikuwa imekatika sentimita kumi za mwanzo, kwa hiyo kila kipimo kilisomeka kirefu kuliko kilivyo, na ilibidi kipunguzwe.

Na kweli kimepunguzwa. Kila mtupo una namba mbili: ya kwanza imekatwa kwa mstari, ya pili ni pungufu kwa kumi. Mshindi wa pili alisomewa 13.46, ikakatwa, ikaandikwa 13.36. Mitupo yako mitano ni hivyo hivyo. Wa sita tu una namba moja, 13.42, na haukukatwa.

Bila shaka ipo sababu. Labda walileta tepu nyingine? Nisaidie hesabu hii, maana nikiifanya mwenyewe napata 13.32, na 13.32 ni ya pili.

Kalamu


Chumba cha kufulia, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Hesabu yako ni sahihi. Ulikuwa mzuri wa hesabu tangu nilipokufundisha saa.

Hawakuleta tepu nyingine. Msomaji alikuwa akiita namba, na mwenzake aliyeshika daftari alikuwa akijibu kwa sauti, "Toa kumi!" Ilikuwa kama wimbo, hadi watazamaji wakaanza kuuitikia. Mtupo wangu wa mwisho, msomaji akaita, "Kumi na tatu, arobaini na mbili!" Nikangoja ule wimbo. Nilihesabu pumzi mbili. Yule wa daftari alikuwa amegeuka kuomba maji. Hapo ndipo nilipopiga ukelele.

Uelewe vizuri, sikupiga kwa furaha. Nilipiga ili wengine wapige, watu wajae uwanjani, pasiwe na mtu wa kukumbuka kumi. Wakanibeba. Nikiwa juu ya mabega yao nilimwona msaidizi akisawazisha mchanga kwa reki.

Aliyekuwa wa pili tulilala chumba kimoja. Tulimwita Mpole. Ufadhili wa masomo ulikuwa mmoja tu, wa mshindi. Nikaupata mimi. Wiki tatu baadaye alifunga begi lake akaondoka chuoni, nami nikamsaidia kulibeba hadi getini. Nikasoma kwa ufadhili ule mwaka mmoja, kisha nikashindwa kuingia darasani. Mama anajua mgongo uliniuma. Mgongo haukuwa na neno.

Nimemwandikia Mpole barua saba. Zote ninazo. Anwani yake naijua kwa moyo, naiandika hapa chini ili walau mtu mwingine naye aijue.

Mwambie huyo mzee aufute ule ukurasa. Usimweleze Mama.

Dada yako


Bweni, 7 Mei

Kwa Mhariri,

Shikamoo. Naomba uufute ukurasa wa dada yangu.

Rekodi si yake. Tafadhali itazame fomu niliyokutumia: kumi haikutolewa kwenye mtupo wa sita. Dada mwenyewe amekiri kwa barua, na nimekuandikia hapa sehemu inayohusika. Rekodi ya kweli ni 13.36, na ni ya mwenzake.

Naomba radhi kwa kukupotezea muda. Nilifundishwa kwamba ukikosea, usahihishe mahali pale pale ulipokosea.

Mdogo wake Kishindo


Ofisi ya Wahariri, 20 Mei

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wanne, nikapiga kura peke yangu upande wako.

Ukurasa hautafutwa. Fomu yenye mhuri inasema 13.42. Wewe unanionyesha kitu ambacho hakikuandikwa, na pengo si marejeo. Ungamo la dada yako ni barua ya ndugu kwenda kwa ndugu. Nikilikubali la kumshusha, kesho nitawezaje kukataa la kumpandisha mwingine? Ofisi ya michezo ya chuo ikirekebisha fomu, nitarekebisha siku hiyo hiyo.

Tena nikwambie lililo baya zaidi, kwa kuwa wewe ni mtu wa kuambiwa. Gazeti moja la michezo limeandika makala kuhusu rekodi za vyuo zisizovunjika. Limechukua namba kutoka kwetu. Sasa sisi tunalo gazeti la kuthibitisha tulichoandika, na gazeti linatutaja sisi.

Nakuamini. Sina mahali pa kuandika kwamba nakuamini.

Mhariri


Bweni, 11 Juni

Dada mpendwa,

Sijui kama unazifungua barua zangu. Hii ni ya tatu tangu ulipokiri.

Mama ameniambia ulifika nyumbani Jumamosi bila taarifa. Alifurahi sana. Anasema ulisimama mlangoni, ukaitazama fremu, na kwamba jirani alikuwepo akakuita "bingwa wetu" na kukuomba uushike mkono wa mtoto wake uupe nguvu. Anasema uliushika. Anasema chakula kilipoiva ulikuwa umeshaondoka, na umesahau kitambaa chako. Mama anadhani ni ile haya yako ya zamani. Anacheka anaponisimulia. Nami nilicheka, kwa sababu hukunipa ruhusa ya kufanya kingine.

Mhariri amekataa. Nimeiandikia ofisi ya michezo ya chuo, nao wamejibu kwa mistari miwili kwamba matokeo hayafunguliwi tena baada ya miaka mitano. Ni mwaka mmoja tu, Dada. Ungesema mwaka jana ingewezekana.

Nisamehe, nimeandika sentensi hiyo na sijaikata, kwa sababu ni kweli.

Ukurasa huu nimeutengeneza mimi. Ulinikataza mara mbili, nikadhani unanyenyekea. Nilitaka uone umefanya kitu duniani, na sasa kila anayefungua anakiona. Nimejaribu milango yote niliyofundishwa kubisha. Umebaki mmoja, nao si wa ofisi. Kama hutaki niubishe, niandikie kabla ya mwisho wa mwezi. Hata neno moja.

Kalamu


Bweni, 1 Julai

Kwa Dada Mpole,

Shikamoo, Dada. Hunijui. Mimi ni mdogo wake Kishindo mliyelala naye chumba kimoja chuoni. Nimengoja ruhusa yake hadi jana, haikuja, kwa hiyo naandika bila ruhusa, na lawama ni zangu.

Siku ya mashindano, kumi haikutolewa kwenye mtupo wa mwisho wa dada yangu. Alitupa mita 13.32. Wewe ulitupa 13.36. Rekodi ilikuwa yako, na ufadhili ulikuwa wako. Alijua tangu dakika ile. Amekuandikia barua saba ambazo hakuzituma.

Mimi, bila kujua, nimeomba aandikwe kwenye ensaiklopidia, na ameandikwa, na hawakubali kufuta. Kwa hiyo nakuandikia wewe kweli yenyewe kwa mkono, iwepo walau kwenye karatasi moja. Nimeambatisha nakala ya fomu. Nimeizungushia duara namba yako.

Sikuombi umsamehe. Sijafikia umri wa kuombea watu jambo kubwa kama hilo. Nakuomba tu ujue.

Mimi kwa heshima,
Mdogo wake Kishindo


Duka la sare, 19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta mezani na mita ya kushonea shingoni, mteja ananingoja nimpime mwanawe. Nimemwambia arudi kesho.

Nilikuwa ninajua.

Tufe likianguka linachimba shimo. La kwake lilikuwa nyuma ya langu kwa vidole viwili. Nililiona kabla hawajapitisha reki, na nilimwona dada yako akiliona. Sisi watupaji hatuhitaji tepu kujua nani yuko mbele.

Ningeweza kwenda kwa karani siku ile ile. Nilikuwa na mashahidi wawili. Sikwenda, na watu wa kwetu waliniita mjinga, na labda ni kweli. Lakini tulikuwa tumekula sahani moja miaka miwili. Ufadhili ningeupata kwa karani. Rafiki nisingempata kwa karani. Nikasema, atasema mwenyewe, nimpe siku mbili.

Nilimpa wiki tatu. Kila asubuhi alinichemshia chai, yeye ambaye hata kikombe chake hakuwa akikiosha. Alikuwa akiniwekea mezani na kukaa mbele yangu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nami nilikuwa nikinywa polepole sana, kumpa nafasi. Hata getini, ameshika mpini mmoja wa begi na mimi mwingine, nilijifanya kiatu kimelegea, nikainama kukifunga mara mbili. Akasema, "Safari njema."

Basi nimeisoma barua yako. Ina hati nzuri, imenyooka, haikuficha kitu, na waliokulea washukuriwe. Hiyo ensaiklopidia iacheni, mimi siifungui. Fomu nimeitia kwenye droo.

Na hizo barua zake saba, akikuuliza, mwambie asizitume tena. Nilihama ile anwani anayoijua kwa moyo. Yako imenifikia kwa huruma ya mtu wa posta, baada ya kuzunguka. Hii mpya sitaiandika hapa.

Wewe umesema, mdogo wangu, na umesema vizuri. Lakini si wewe niliyekuwa nikimngoja.

Fundi wa sare